Kuzitazama Filamu za Kifaransa kwa Jozi: Mwongozo Kamili, kuanzia Runinga hadi Maandishi ya Chini

Mtu akisema anataka kuzijua filamu za Kifaransa, kwa kawaida hupewa orodha ya "filamu mia bora" na kuambiwa aanzie juu. Usiku wa kwanza anakutana na filamu ya saa tatu, nakala mbovu, maandishi meupe juu ya kitambaa cheupe cha meza, na wahusika wanaozungumza haraka kuliko anavyosoma. Kufika saa nne usiku kashalala kwenye kochi. Kesho yake anatangaza kwamba Wafaransa hawajui filamu, wanajua kuongea tu.

Orodha haimfundishi mtu kutazama. Njia inayozaa matunda ni kuchukua filamu mbili au tatu zinazogusa jambo moja, ya zamani na ya karibuni, ukazitazama ndani ya wiki moja. Waongozaji wa Ufaransa wana mazoea ya kujibizana. Cinémathèque française, hifadhi ya filamu iliyoanzishwa Paris mwaka 1936, ndiyo iliyokuwa darasa la vijana waliokuja kushika kamera mwishoni mwa miaka ya 1950, na kabla ya hapo vijana hao hao walikuwa wakizichambua filamu za wakubwa wao katika jarida la Cahiers du cinéma, lililoanza 1951. Tabia hiyo haijafa. Filamu ya 2024 yaweza kuwa inajibu swali lililoulizwa 1953, na ukiiona peke yake unasikia upande mmoja wa mazungumzo.

Runinga na chumba

Anzia kwenye rimoti. Runinga nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kung'aa kwa ajili ya mpira na matangazo. Fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Ingia kwenye mipangilio ya picha, uchague hali ya sinema. Menyu huiandika Cinema, Movie au Filmmaker. Picha itaonekana hafifu na ya manjano kidogo kwa dakika kumi za kwanza, kisha macho yatazoea.

2. Zima kipengele cha kulainisha mwendo. LG hukiita TruMotion, Sony Motionflow, na Samsung kwa miaka mingi Auto Motion Plus. Filamu hupigwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Runinga inapobuni fremu za kujaza katikati, waigizaji huteleza kama wamo kwenye tamthilia ya studio, na kazi ya mpigapicha inapotea.

3. Weka umbo la picha liwe la asili. Filamu za miaka ya 1930 na 1940 zina upana wa 1.37 kwa 1, kwa hiyo kwenye runinga ya leo lazima zibaki na mistari myeusi kulia na kushoto. Iache. Ukiivuta picha ijaze kioo, nyuso zinanenepa. Ukiikuza, unapoteza karibu robo ya urefu wake, na kinachokwenda ni vichwa juu na maandishi chini. Filamu nyingi za Kifaransa za miaka ya 1960 ni 1.66 kwa 1, zenye mistari myembamba pembeni. Hizo ndizo zinazochakachuliwa zaidi, kwa sababu mtu huona pengo dogo akafikiri ni hitilafu.

Chumba kiwe na giza. Feni iende polepole au izimwe, na kama paa ni la mabati na mvua imetanda, ahirisha au vaa hedifoni. Hilo lina maana kubwa kwa mwongozaji Robert Bresson, ambaye nusu ya simulizi lake ni sauti: hatua kwenye changarawe, ufunguo, kijiko kinachokwangua mbao. Ukikosa sauti hizo, unabaki na mtu aliyekaa tu chumbani.

Hakiki nakala kabla ya kumaliza bando

Jambo la kwanza la kuangalia ni urefu. Filamu za zamani zilikatwa na wasambazaji, na nakala zilizokatwa bado zinazunguka. La Règle du jeu ya Jean Renoir (1939) ilizomewa ilipotoka, ikakatwakatwa, na filamu yake mama ikateketea kwa mabomu wakati wa vita. Iliunganishwa upya mwaka 1959 ikiwa na dakika 106. Ukikuta ya dakika 80 na kitu, umepewa mabaki. L'Atalante ya Jean Vigo (1934) nayo ilipunguzwa hadi dakika 65 hivi na kubandikwa jina la wimbo uliovuma wakati huo. Nakala iliyokarabatiwa inakaribia dakika 90. Le Salaire de la peur ya Clouzot (1953), ya madereva wanaosafirisha baruti ya maji kwa malori, ikiwa kamili inakaribia saa mbili na nusu. Sehemu ambayo wakataji walipenda kuipunguza ni ya mwanzo, ile ya kijiji kilichokosa kazi, na bila hiyo haieleweki kwa nini mtu mwenye akili timamu akubali kupanda lori lile.

Kuna upungufu mwingine usio na ubaya. DVD za Ulaya zilichezeshwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu ya dakika 100 huonekana ya dakika 96. Hapo hakuna kilichokatwa, imekimbizwa tu. Filamu zisizo na sauti huumia zaidi. Le Voyage dans la Lune ya Georges Méliès (1902) ilikuwa na mita 260 hivi za utepe: kwa fremu 16 kwa sekunde inakwenda kama dakika 14, na kwa fremu 24 inamalizika kwa dakika 9 na ushei, watu wakirukaruka kama panzi. Chagua ndefu.

Kisha soma herufi. VO ni sauti ya asili, VF ni sauti ya Kifaransa iliyoingizwa, VOSTFR ni sauti ya asili yenye maandishi ya Kifaransa, na VOSTA ni yenye maandishi ya Kiingereza. Kwa filamu ya Kifaransa unataka sauti ya asili, kila mara. DVD zinazouzwa Ufaransa mara nyingi hazina Kiingereza hata kidogo. Geuza jalada utafute neno sous-titres, yaani maandishi ya chini, na lugha zilizoorodheshwa. Pia DVD ya Ulaya ni ya kanda (region) ya 2, ilhali Afrika Mashariki iko kanda ya 5, hivyo deki iliyofungiwa kanda moja itaikataa. Kwenye Blu-ray hakuna tatizo hilo: Ulaya na Afrika zote ni kanda B.

Pa kuzipata kihalali ni vituo vya lugha na utamaduni wa Kifaransa: matawi ya Alliance Française ya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Arusha na Kampala, na Institut français ya Bujumbura na Lubumbashi. Ulizia uanachama wa maktaba pamoja na Culturethèque, maktaba yao ya mtandaoni. Kituo cha runinga cha TV5MONDE hupatikana kwenye baadhi ya visimbuzi na huonyesha filamu kila wiki. Cinémathèque française ina jukwaa la bure liitwalo HENRI, lenye vitu adimu, na filamu zisizo na sauti zilizomo hazidai ujue lugha yoyote. MUBI, jukwaa jingine la mtandaoni, ni ya kulipia, na filamu zake hubadilika, kwa hiyo panga jozi yako kabla ya kulipa mwezi.

Maandishi ya chini yakigoma

Kama unatazama faili kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, maandishi yakitangulia au kuchelewa unabonyeza G au H: kila mbonyezo husogeza milisekunde 50. Kabla ya kubonyeza ovyo, pima mara tatu: neno la kwanza la filamu, neno la katikati, neno la mwisho.

Pengo likiwa lile lile kote, G na H zinatosha. Pengo likikua taratibu, maandishi yalitengenezwa kwa fremu 24 na faili lako ni la fremu 25, au kinyume chake. Kufikia dakika ya 10 maandishi na sauti vitakuwa vimeachana sekunde 24, na kufikia dakika ya 100 ni dakika nne nzima. G na H hazitakusaidia. Fungua faili la maandishi kwenye Subtitle Edit, programu ya bure, ubadilishe kasi ya fremu. Na kama mambo yalikuwa sawa kisha ghafla yakaruka, basi maandishi ni ya nakala nyingine yenye sini, yaani vipande vya tukio, ambazo yako haina. Rudi kwenye suala la urefu.

Herufi zikigeuka takataka, é ikawa herufi mbili za ajabu, weka usimbaji wa herufi (encoding) uwe UTF-8. Kwa filamu za nyeusi na nyeupe, badili rangi ya maandishi iwe ya manjano yenye ukingo mweusi. Hili ni dogo, lakini ndilo lililowakatisha tamaa watu wengi.

Jioni tatu za kwanza, bila kusoma sana

Jioni ya kwanza: Le Voyage dans la Lune, kisha Le Ballon rouge ya Albert Lamorisse (1956), dakika 34, karibu haina maneno. Zote mbili hazijazi saa moja. Ya pili ilipigwa Ménilmontant na Belleville, mitaa ya mlimani Paris ambayo sehemu kubwa ilibomolewa baadaye. Puto jekundu lile linang'aa kwa sababu kila kitu kingine ni kijivu: kuta, mavazi, mawingu. Tazama jinsi mwongozaji anavyokunyima rangi ili akupe moja.

Jioni ya pili: Les Vacances de Monsieur Hulot ya Jacques Tati (1953). Watu wanasema, lakini maneno yao yana uzito sawa na mlio wa mlango wa mkahawa. Tati hakuambii pa kuangalia. Kichekesho kinatokea kwenye kona huku umekazia macho katikati, kwa hiyo usiitazame kwenye simu. Kuhusu Playtime (1967), iliyopigwa kwa utepe mpana wa milimita 70 na kumfilisi mwenyewe, kwenye simu ni bora usiione kabisa.

Jioni ya tatu: Du rififi chez les hommes ya Jules Dassin (1955), Mmarekani aliyefungiwa kazi kwao. Katikati yake kuna wizi unaochukua karibu nusu saa bila neno wala muziki. Chukua karatasi uandike kila kifaa na kazi yake, mwavuli na kizima-moto vikiwemo. Ukimaliza utagundua umeelewa mpango mzima pasipo kuelezwa na mtu. Hiyo ndiyo misuli utakayoihitaji huko mbele.

Neno kuhusu ma-DJ wanaotafsiri filamu kwenye mabanda ya video: ni ufundi halisi, na kwa filamu za mapigano wanaongeza utamu. Lakini sini ya Rififi ikiwekewa mtu anayeongea juu yake, hakuna kilichobaki.

Sikiliza "tu" na "vous"

Huhitaji kujua Kifaransa kusikia maneno mawili. Vous hutamkwa "vu", ni la heshima au la umbali. Tu hutamkwa kwa midomo iliyobanwa kama ya kupiga mluzi huku ulimi ukiwa mahali pa "i". Ni la ukaribu, la kwa mtoto, au la dharau. Maandishi ya Kiingereza huyameza yote mawili kwa neno moja. Wahusika wakihama kutoka moja kwenda jingine, kuna jambo limetokea kati yao: mapenzi, ugomvi, au mmoja ameshuka cheo. Msikilizaji wa Kiswahili, aliyekua akijua nani anapewa shikamoo na nani anaambiwa mambo vipi, atalinasa haraka.

La Grande Illusion ya Renoir (1937) ndiyo shule ya jambo hili. Wafungwa wa Kifaransa wamo kwenye kambi za Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Boeldieu, ofisa wa ukoo wa kitajiri, anamwita vous hata mke wake na mama yake, na anamweleza hivyo Maréchal, fundi aliyepanda kuwa luteni. Halafu sikiliza kinachotokea Boeldieu anapokutana na kamanda wa Kijerumani, von Rauffenstein: wanahamia Kiingereza, lugha ya wakubwa wenzao, ili waongee wakiwa wawili. Huku kwingine Maréchal anajaribu kuwaambia wafungwa wapya wa Kiingereza kwamba kuna shimo la kutorokea limeshachimbwa, nao hawaelewi Kifaransa. Mpaka wa lugha na mpaka wa tabaka vinapishana. Nakala iliyoingizwa sauti moja kwa wote imefuta filamu.

Jozi yake ni Anatomie d'une chute ya Justine Triet, iliyopata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2023. Mume ameanguka akafa, mke anashtakiwa. Mke ni Mjerumani, nyumbani walizoea kusema Kiingereza, na mahakamani anatakiwa ajieleze kwa Kifaransa. Tia alama kwenye karatasi kila anapobadili lugha, na uandike nani alimlazimisha au ni hisia gani ilimshinda. Yeyote aliyewahi kuandika maelezo polisi kwa lugha isiyo ya kwake ataielewa filamu hii kupita wachambuzi wengi. Itazame siku mbili au tatu baada ya ile ya Renoir. Ukiacha mwezi mzima, kamba imekatika.

Jozi nyingine, na cha kufuata

Shule. Anza na Zéro de conduite ya Vigo (1933), haifiki dakika 50, iliyopigwa marufuku hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Fuata na Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut (1959). Ndani yake kuna mwalimu wa mazoezi anayewaongoza wanafunzi barabarani huku wakichomoka wawili wawili nyuma yake. Hiyo ni salamu kwa Vigo, na utaifurahia kwa sababu umeiona asili yake wiki hiyo hiyo. Angalia pia mahojiano ya kijana na mwanasaikolojia: kamera haimwonyeshi anayeuliza, na Jean-Pierre Léaud alijibu kwa maneno yake mwenyewe. Kisha malizia na Entre les murs ya Laurent Cantet (Palme d'Or 2008), iliyopigwa na wanafunzi halisi pamoja na mwalimu aliyekiandika kitabu chenyewe. Vigo aliwapa watoto ushindi wa njozi, Truffaut akampa mmoja mbio, Cantet anawafungia wote darasani na kuuliza nani ana haki ya kusahihisha lugha ya nani.

Gereza. Un condamné à mort s'est échappé ya Bresson (1956) inatokana na kutoroka kwa kweli katika ngome ya Montluc, Lyon, mwaka 1943. Le Trou ya Jacques Becker (1960) inatokana na jaribio la 1947 katika gereza la La Santé, na mmoja wa waliojaribu, Jean Keraudy, anaigiza ndani yake. Katika Le Trou kuna shoti moja ya karibu dakika nne ambapo wafungwa wanavunja sakafu ya saruji kwa zamu. Haikatwi. Mara ya kwanza utaona imerefushwa. Saruji inapoanza kuachia, utakuta mikono yako imekaza. Hapo ndipo utajua kwa nini hawa wazee walikataa kukata. Un prophète ya Jacques Audiard (2009) inakata haraka zaidi, lakini mfuate Malik anavyojifunza: kwanza kusoma, kisha Kikorsika, kwa kusikiliza tu. Chombo cha kutorokea kimebadilika, kutoka kijiko hadi lugha.

Mitaa ya pembezoni naitaja kwa ufupi kwa kuwa inajieleza: La Haine ya Mathieu Kassovitz (1995), kisha Les Misérables ya Ladj Ly (2019). Onyo kwa waliosoma Kifaransa Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi, wanaodhani hawahitaji maandishi: vijana hawa wanasema verlan, wakigeuza silabi kama watoto wa pwani wanavyosema kinyume. Femme inakuwa meuf, flic, yaani askari, anakuwa keuf. Washa maandishi ya Kifaransa, hakuna aibu.

Afrika ndani ya filamu hizi

Hapa ndipo msomaji wetu ana la kusema kumzidi Mparisi. Tangu 1934 amri iliyojulikana kwa jina la waziri Laval ilitaka kibali kwa yeyote aliyetaka kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika. Kwa hiyo kwa muda mrefu Afrika katika filamu za Kifaransa ilikuwa mandhari ya wengine.

Mwaka 1953 Alain Resnais, Chris Marker na Ghislain Cloquet walitengeneza Les statues meurent aussi, dakika 30, kwa ombi la jarida la Présence Africaine. Inauliza kinyago hufa vipi kikitolewa mikononi mwa wenyewe na kuwekwa kabatini. Sehemu ya mwisho, inayogusa ukoloni waziwazi, iliikasirisha serikali, na filamu ikazuiwa kwa zaidi ya miaka kumi. Itazame, pumzika dakika tano, kisha weka Dahomey ya Mati Diop (2024), dakika 68, iliyopata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin. Inafuata vitu 26 ambavyo Ufaransa ilivirudisha Benin mwishoni mwa 2021, na sanamu namba 26 inazungumza yenyewe, kwa Kifon. Filamu ya kwanza inasemwa yote na sauti ya Mfaransa aliye nje ya kabati. Ya pili sauti imeingia ndani ya sanduku, gizani. Halafu wanafunzi wa chuo wanabishana kama 26 ni heshima au ni kejeli. Linganisha nani anaruhusiwa kusema, na kwa dakika ngapi. Zihesabu hasa, kwa saa.

Jozi ya pili hapa ni La Noire de... ya Ousmane Sembène (1966), ya saa moja hivi. Ni filamu ya Senegal, ila bila hiyo, filamu za Ufaransa hazikamiliki. Msichana wa Dakar anapelekwa Antibes akidhani atalea watoto, anaishia jikoni. Fuata kinyago kila kinapobadili mikono: nani anakitoa, kinatundikwa wapi, nani anakirudisha. Kisha Chocolat ya Claire Denis (1988), ambapo Protée, mtumishi wa nyumbani nchini Kameruni, anaonekana kupitia kumbukumbu za binti wa mwajiri. Denis mwenyewe alilelewa Afrika, binti wa ofisa wa serikali ya kikoloni. Sembène anakupa mawazo ya mtumishi kwa sauti yake. Denis anakunyima mawazo ya Protée kabisa, anakupa mgongo wake, mikono yake na kimya chake. Wengine wameliona hilo kuwa woga. Kwa maoni yetu ni uaminifu: binti yule hangeweza kuyajua. Ukitaka kuuvuta uzi zaidi, Mati Diop wa Dahomey ndiye anayeigiza binti katika 35 rhums ya Denis (2008).

Mara ya kwanza na mara ya pili

Mara ya kwanza usisimamishe hata usipoelewa. Simu ikae chumba kingine. Ukishindwa kusoma maandishi na kutazama kwa pamoja, soma mstari wa kwanza tu na uinue macho. Mara nyingi uso unamalizia sentensi.

Mara ya pili chagua dakika kumi tu. Zitazame bila sauti, ukihesabu mikato. Kisha zisikilize bila picha, umegeuka ukutani. Zoezi hili linafaa sana kwa À bout de souffle ya Jean-Luc Godard (1960). Tafuta sini ya ndani ya gari, kamera iko nyuma ya kichwa cha Jean Seberg, na uhesabu picha inavyoruka huku maneno yakiendelea. Filamu ilikuwa imezidi urefu, na badala ya kuondoa sini nzima Godard alipunguza ndani ya sini zenyewe. Maneno yote yaliingizwa baadaye, kwa sababu kamera iliyotumika ilikuwa na kelele na walipiga barabarani bila kurekodi sauti. Usipolijua hilo, utadhani nakala yako imekwaruzika.

Kinyume chake ni La Jetée ya Marker (1962), dakika 28 za picha za mnato, isipokuwa mahali pamoja pafupi panapotikisika. Usiambiwe ni wapi. Usipepese.

Kuonyesha kwa kikundi, na kuandika maandishi ya Kiswahili

Watu kumi, projekta na shuka jeupe lililonyooshwa vinatosha. Kinachoharibu karibu kila onyesho la namna hii ni vichwa: maandishi yako chini, na safu ya pili haioni. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya mita 1.2 kutoka sakafuni, na safu ya mbele ikae mkekani. Spika ya projekta haifai, weka spika ya pembeni chini ya shuka ili sauti itoke palipo na midomo. Onyesho la wazi linahitaji idhini ya wenye filamu na utaratibu wa bodi ya filamu ya nchi yako. Njia fupi ni kushirikiana na tawi la Alliance Française, ambalo lina filamu zenye haki za kuonyeshwa bila kiingilio.

Maandishi ya Kiswahili karibu hayapo, kwa hiyo mnaweza kuyaandika kwa ajili ya kikundi. Anzeni na filamu yenye maneno machache, kwani filamu ya dakika 90 yenye mazungumzo mengi inaweza kuzidi vipande elfu moja. Kila kipande kwenye faili la SRT kina namba, muda na maneno, hivi:

12
00:03:41,200 --> 00:03:44,000
Usiguse mlango.

Kila mstari usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili, kipande kisikae kwenye kioo chini ya sekunde moja wala zaidi ya saba. Kiswahili kina vitenzi virefu, kwa hiyo usivunje mstari kati ya kitenzi kisaidizi na kikuu: "alikuwa / akimtafuta" inamkwaza msomaji. Vous iwekee "bwana", "mama", "mheshimiwa" mahali panapofaa, na inapogeuka kuwa "tu" ya Kifaransa, ondoa cheo hicho, mtu aitwe jina lake tupu au "we". Msitafsiri kutoka Kiingereza kama kuna mmoja wenu anayejua Kifaransa. Mkimaliza, mpeni mtu ambaye hajaiona filamu aisome kwenye kioo kwa kasi ya kawaida. Kila anaposhusha macho na kuchelewa kuyainua, punguzeni maneno hapo.